Mzawa wa Lugha

Nyalenda, saa tisa usiku, bando la hamsini.
Kwa sauti tu walinisifu:
matamshi safi, Mwalimu Akeyo, safi kabisa.
Kisha wakaomba niwashe kamera.

Nikaiwasha.

Mtandao, wakasema, ghafla umekuwa mbovu.
Asubuhi barua: wanatafuta mzawa wa lugha.

Darasa la tatu, Ahero, nilivishwa kibao shingoni
kwa kumwambia Apondi *bi ka*,
njoo hapa, hilo tu,
nikachapwa mapajani hadi Kiingereza kikaingia.
Mzawa? Nani alikizaa kwa uchungu kunizidi?

Barua yao ina makosa matatu.
Nimeyapigia mstari mwekundu,
pembeni nimeandika: Rudia.

Sasa kidato cha pili, umoja na wingi,
na chaki ni kipande kimoja.