Dawa ya Tatu

Usiniandikie ile ya kwanza, Daktari Dhadho.
Ile ilinivimbisha miguu
hata makubadhi niliyonunua kwa harusi ya mwanangu
yakabaki mlangoni, yananitazama.
Ngazi zetu pale Langoni zina vidato thelathini na viwili.
Nilipumzika kila pembe
kama punda aliyebebeshwa mawe ya jengo.

Na ile ya pili irudishe kabatini.
Presha ilishuka, sikatai,
ukafurahi, ukaiandika kadini kwa wino mwekundu.
Lakini kikohozi, mwanangu! Kikavu,
saa nane ya usiku, bila hodi.
Kichochoro chetu ni chembamba:
dirisha langu na la Bi Mwanashee
hupeana chumvi bila mtu kushuka.
(Chumvi, ndiyo. Najua. Usinitazame.)
Kila nikikohoa akaitika, "Pole,"
hata pole zikamwishia,
akaniletea kitunguu saumu, asali,
na jina la mganga wa Matondoni.
Saumu nilikula. Mganga nilimwacha.
Vidonge nikavimwaga kwenye kopo la vifungo,
nikatangaza nimepona.

Presha haina kelele, ulinambia.
Kweli. Haikuniuma popote.
Nilikuwa nadarizi kofia ya vito ya Bunu,
nahesabu tundu, arubaini na moja, na mbili, na tatu,
na ya nne sikuiona.
Sindano ilikuwepo. Kofia ilikuwepo.
Walinishusha wanaume wanne
kwa kiti cha enzi cha marehemu nyanya,
kiti ambacho tangu nizaliwe hakijatoka sebuleni,
na mashine yako ikasema
mia na tisini na sita kwa mia na kumi.

Basi leo tuchague wawili.
Wewe wazijua dawa, mimi naujua mwili huu.
Hii ya tatu
itaniamsha mara ngapi kwenda msalani?
Choo kiko chini, na ngazi nishakuhesabia.
Ramadhani niimeze kwa daku au kwa futari?
Ikikosekana hapa, nikiitafuta madukani,
bei yake ni kofia ngapi?
Maana kofia moja ni miezi mitatu ya macho yangu.

Hukasiriki. Wakunja mkono wa shati,
wajifunga mwenyewe kile kitambaa, wabonyeza.
Mia na arubaini na nane.
"Na mimi nameza, mama. Nimebadilishiwa mara mbili.
Lakini yangu si yako."
Kisha wachukua karatasi, waandika polepole,
nusu kwanza, baada ya wiki mbili nirudi tupime,
na nikiona kizunguzungu nisikufiche,
nisimwage kitu kwenye kopo.

Nimeanzisha kofia mpya.
Si ya Bunu, bado sijui ni ya nani.
Kila nikimeza, natoboa tundu moja,
moja tu, hata mkono ukitamani la pili.
Ukitaka kujua kama nameza,
njoo uhesabu.