Amri ya Kumi na Moja

Mama alisoma juu ya bega langu, miwani puani,
akitafuta neno analolijua kwenye kioo cheusi.
"Amri ya kumi na moja," akasoma. "Subilaga,
Musa alishuka na kumi. Hii umeitoa wapi?"

Mvua ya Tukuyu ilikuwa juu ya bati,
ile ya Aprili, isiyobisha hodi.
Nikangoja ipungue ndipo nijibu.

Ni ya kadi, mama. Ndogo, kama ukucha wa kidole gumba.
Imo ndani ya kisanduku cha kupimia mvua
alichokifunga Gwakisa kwenye nguzo, kule juu kwenye chai.
Kila robo saa inaandika zimenyesha milimita ngapi.
Mashine na kadi huanza kwa sauti kubwa,
volti tatu nukta tatu,
kama watu wanaoitana ng'ambo na ng'ambo ya mto.
Wakishajuana, mashine hutoa amri hii:
tushushe. Moja nukta nane.
Mwenye sauti ndogo huongea haraka zaidi.

"Hilo kweli," mama akasema. "Hata umbea ni hivyo."

Lakini kushuka kuna adabu zake.
Kadi huitikia, kisha hulaza nyaya zake zote chini.
Mashine husimamisha mapigo ya saa.
Kimya.
Umeme hushuka ndani ya kimya hicho,
na unangoja sehemu tano za elfu za sekunde,
si nne,
ndipo mapigo yarudi, na kadi iinue nyaya: nipo.
Isipoinua usiilazimishe. Izime, uanze naye salamu ya kwanza.

Yote hayo nilikuwa nimeyaandika.
Kiendeshi changu kilikuwa na adabu za mkwe,
mistari mia mbili na kumi, na nilijisifu.
Bado kila mashine ilipojiwasha upya usiku
kadi ilikuwa bubu hadi asubuhi, hadi kesho, hadi keshokutwa.
Siku kumi na tisa za masika hazikuandikwa.
Zilinyesha; muulize Kiwira.

Gwakisa akapanda na pikipiki, tope hadi magotini,
akapiga simu huku anahema:
"Nimeitoa, nimeirudisha, imepona.
Sijafanya kingine."

Maneno hayo niliyaandika nyuma ya risiti ya petroli
nikayatazama siku mbili.
Nimeitoa. Nimeirudisha.

Kumbe mashine ilikuwa inalala na kuamka,
na ikiamka imesahau kila kitu,
inaanza tena kwa kelele, tatu nukta tatu;
na kadi haikuwa imelala.
Umeme wake haukukatwa hata mara moja.
Ilikuwa bado kwenye mnong'ono wa jana,
ikishangaa ni nani huyu anayeifokea sikioni.

Mstari mmoja tu, mbali kabisa na ule ustadi wangu,
ulikuwa umesema: umeme wa kadi uwake daima.
Nikaufuta.
Nikaandika: zima. Ngoja. Washa.

"Kama baba yako aliporudi kutoka Chunya," mama akasema.
Sikuwa nimemwuliza.
Miaka sita kando ya makarasha yanayosaga mawe.
Aliomba chumvi mezani kama anayeomba msaada shimoni,
nanyi mlikuwa wadogo, mmezoea nyumba ya sauti ya chini.
Mliacha kula.
"Nikadhani ni hasira. Naye akadhani tumemchukia."

Mvua ikaongezeka. Nikahifadhi faili, mara mbili.

"Na hapo penye kungoja," akauliza, "unangoja muda gani?"

Mpaka ule umeme wa zamani uishe kwenye waya.
Ukizima na kuwasha papo hapo, unabaki kidogo,
na huo kidogo unatosha kuikumbusha.

Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kitenge,
akachukua mwavuli na kitabu cha tenzi.
Mazoezi ya kwaya yalikuwa saa kumi.
Mlangoni akageuka, akasema kitu.
Sikukisikia, kwa ajili ya bati.