Jasho la Ukuta

Bi Msimu Shomvi alinipigia Alhamisi:
"Fundi, njoo na mashine ya pili.
Hii moja inakula Luku kama mchwa
na chumba bado tanuri."

Nikaenda na ngazi, na kipimo cha gesi,
na karatasi ya bei niliyoiandika usiku.
Nisiseme uongo: faida nilikwisha kuihesabu.

Nyumba iko Dunda, uchochoro wa tatu,
kuta za matumbawe, unene wa dhiraa na zaidi,
boriti za mikoko darini.
Mlango wake hauna nakshi;
wenye nakshi uliuzwa mwaka wa njaa.

Nikagusa ukuta. Kiganja kikarudi kimelowa.
Si mvua. Si bomba.
Ukuta ulikuwa unatoka jasho
kama mtu aliyevishwa koti la mpira saa saba mchana.

Koti lenyewe saruji,
kutoka sakafuni mpaka darini,
laini, la kijivu, la kisasa.
Juu ya mlango, palipokuwa na matundu ya hewa,
yamezibwa, yakasawazishwa,
na konani, kwa ncha ya msumari:
R. Pazi, 1988.

Huyo ni baba yangu.

Nilikuwa na miaka tisa, nikimchotea maji.
Nakumbuka alivyorudi nyuma hatua tatu
akautazama ukuta kama bibi harusi,
akasema, "Hii sasa haichakai tena."

Nimwambie nini mama huyu?
Kwamba mashine haina baridi ya kumpa mtu.
Huchota joto humu, ikalimwaga kule,
dirishani kwa Zuwena mchoma vitumbua,
ambaye naye juzi kaniuliza bei.
Joto haliuawi, huhamishwa.

Tena hii yake inachota maji kuliko joto.
Ndoo chini ya mpira wake hujaa mara mbili kwa siku.
Bi Msimu humwagilia mnanaa.
"Kila tone nimelilipia," akasema,
"hakuna mnanaa ghali kama huu Bagamoyo nzima."

Nikaikunja karatasi ya bei.
"Usinunue. Saruji ibanduliwe,
ukuta urudishiwe chokaa upate kupumua,
matundu yafunguliwe, uwe unayafunga kwa vibao usiku.
Kisha hii hii moja
iamshe saa tatu, saa nane ilale."

"Fundi gani wewe unayekataa pesa?"
"Mtoto wa fundi," nikasema, nikamwonyesha kona.
Akatafuta miwani. Akasoma. Akakaa kimya.
"Baba yako aliniibia mfuko mmoja," akasema,
"lakini mkono wake ulikuwa safi."

Siku tisa za patasi na nyundo.
Chumvi ikamwagika kama sembe,
na nyuma yake chokaa ya kale, ya rangi ya jino,
ina alama za vidole vya mtu nisiyemjua,
asiyeandika jina.
Matumbawe siku hizi hayachomwi;
chokaa tuliagiza ya mifuko kutoka Tanga,
tukailoweka mpaka ikawa nzito kama mtindi.

Wiki ya sita sasa.
Luku ya elfu kumi iliyokuwa ikifa siku ya tano
imefika siku ya kumi na moja.
Si muujiza. Mchana joto lipo, Februari ni Februari,
na ukuta wa mashariki haujakauka bado;
sijui kama utakauka kabla ya masika.
Zuwena anasema dirishani kwake pamepoa kidogo,
lakini Zuwena ni mtu wa kukufurahisha.

Kipande kimoja sikukibandua,
kama ukubwa wa sahani, kule konani.
Bi Msimu hakuuliza.
Kila asubuhi hicho peke yake hutoka jasho.
Nikipita kuangalia kazi,
hukifuta kwa kiganja.