Zoezi la Tatu: Mwavuli

Bando limeingia saa mbili kasoro robo.
Nimelinunua kwa hela ya maziwa.
Kabla ya kengele, kishikwambi kimeegemezwa
kwenye kifutio na kopo la chaki,
na kando yake spika ya Luthuli,
ile yenye ufa, inayokoroma kila ifikapo S.

Gredi ya Nane, Kariobangi Kusini.
Watoto hamsini na watatu, dirisha moja lisilofunga,
na nyuma ya ukuta mafundi wa masanduku
wanagonga mabati tangu alfajiri:
ko, ko, ko-ko, ko.
Kiingereza chetu hujipenyeza kati ya nyundo
kama mtu anayevuka Outer Ring:
mbio, simama, mbio tena.

“Leo hatuandiki,” nikasema. “Tunasikiliza.”
“Kwani siku zote tunafanya nini, Mwalimu?”
akauliza Kavinya, macho makavu.
Nikamwambia kusikia ni mlango ulioachwa wazi,
kusikiliza ni kutoka nje na taa.
Sijui nililitoa wapi hilo. Likapita.

Nikabofya.
Duara likazunguka.
Likazunguka.
Wakalitazama kama watu wanaongojea uji uchemke.
Kisha, kutoka mji wenye reli na baridi,
mwanamke akaanza:
samahani, hapa ndipo panapowekwa vitu vilivyopotea?
Jana, treni ya jioni, kiti cha dirishani
ko, ko
cheusi, mpini wa mbao

Duara.

“Mbona anameza maneno?” Wangwe akateta.
Ana haki. Sisi kwetu kila silabi
hupewa kiti chake na kikombe chake.
Wao husimamisha moja, nyingine zote
zinakaliana mapajani.

Nikarudia. Pakakwama palepale, kwenye mpini.
Si kitu, swali lilikuwa limeshajitokeza:
mwanamke huyu amepoteza nini?
Mikono ikapanda hadi kwenye paa.
Mwavuli! Mwavuli, Mwalimu!
Skrini ikang’aa kijani, ikapiga vigelegele.

Onsarigo peke yake, benchi la nyuma,
mikono chini ya dawati.
Baba yake ni mmoja wa wale wa nyuma ya ukuta.
Mtoto huyu akisikia nyundo tu atakwambia
sanduku hili bati lake ni jepesi, litarudishwa.
“Na wewe, umesikia nini?”
Akasimama, akaitafuta lugha polepole,
kama anayechambua mchele gizani:
“Mwavuli si wake, Mwalimu.
Na alikuwa amelia kabla hajaanza.”

Wakacheka. Nami nusura nicheke.
Palikuwa na A, B, C na D,
na hilo halikuwa hata moja.

Zilikuwa zimebaki megabaiti tisa.
Nikamtuma Onsarigo nje,
na baada ya dakika moja
nyundo zikanyamaza.
Muhula mzima sijawahi kulisikia darasa langu
bila nyundo. Lina mlio wake,
wa viatu, wa pua, wa bati linalotanuka juani.

Nikabofya kwa mara ya tatu.
Na kweli: kabla ya ile samahani
kuna pumzi iliyokatika mara mbili,
kama ya mtu anayekanyaga ngazi
na ngazi haipo.
Na kwenye mpini wa mbao sauti yake inashuka,
inauweka chini taratibu,
kitu cha mtu asiyekuja tena kukiulizia.

Huenda ni mwigizaji tu, ana mafua,
analipwa kwa dakika, ana njaa.
Mwongozo wangu unasema: mwavuli, alama moja.
Sikio, wahenga walisema, halipiti kichwa.
Wahenga hawakumfundisha Onsarigo.

Duara likasimama kabisa.
Ujumbe ukaingia: mpendwa mteja…
Hakuna aliyejongea.

Ndipo nikaona dirishani vichwa vitatu vyenye vumbi la chuma,
na katikati, baba yake, nyundo mkononi
ameishika kwa kichwa, mpini chini.
“Mwalimu,” akanong’ona,
“huyo mama, alirudishiwa?”