Chupa Juu ya Friji

Paratene aliweza kunyoa kondoo mia tatu
kati ya alfajiri na chai ya jioni,
lakini shuka, shuka la pamba tu,
likimgusa kidole gumba cha mguu
alipiga ukelele, mbwa wakaitika bandani.

Jongo, alisema daktari wa Te Karaka.
Si jongoo, ingawa naye hutembea usiku
na kujikunja penye kiungo.

Vidonge vyeupe, kimoja kila asubuhi.
Akameza wiki mbili. Ya tatu, goti likavimba
kama boga la mwezi Machi.
Unaona, Maraea? Dawa ndiyo inayoniuma.
Tulikuwa tumeonywa: fuwele zikianza kuyeyuka
huondoka kwa kelele, kama mpangaji aliyefukuzwa.
Lakini nani hukumbuka onyo
akiwa anatambaa kwenda msalani?

Chupa ikapanda juu ya friji,
ikakaa na betri zilizokufa na risiti za bima
miaka minne.

Akiumwa, alimeza vitatu kwa mpigo.
Akipoa, alijiona mzima.
Mguu usiouma hauna kumbukumbu.
Baba yake naye hivyo hivyo: kokoto chini ya ngozi ya vidole,
kisha figo zikafunga hesabu
akiwa na hamsini na minane.
Msibani walisema ni bia, ni kome, ni ulafi wake.
Ni damu, alisema muuguzi Pirihira,
mmeirithi kama mlivyorithi pua.
Aibu ikapungua. Kidogo.

Sikumhubiria. Niliishusha chupa
nikaitia ndani ya boksi la meno ya mashine yake,
yale anayoyanoa kila alfajiri
yawe butu, yasiwe butu.
Hakuuliza kitu.
Nikiwa jikoni nikasikia kifuniko kikikwaruza.

Novemba, karatasi kutoka maabara:
nukta tatu nne.
Walitaka chini ya nukta tatu sita.
Aliisoma amesimama, uzito kwenye miguu yote miwili,
akaikunja, akaitia mfukoni
mwa suruali inayonuka mafuta ya sufi.

Hakusema amepona. Wala mimi sikusema.
Mwezi huu Jumapili mbili amesahau;
navihesabu, naye anajua navihesabu.
Lakini jana usiku, nusu usingizini,
alilivuta shuka mwenyewe
hadi kwenye vidole,
akaliacha hapo.