Waya Unapita

Niliugonga ukuta kwa kifundo cha kidole
ukaitika kama boksi la viatu.
Mimi niliyezaliwa Majengo, juu ya makoro,
ambako hata shimo la choo huchimbwa kwa nyundo na matusi,
nilicheka peke yangu: jasi na karatasi,
huu nao ni ukuta?

Shirika lilikuwa limehama. Himbi, ghorofa ya pili,
vyumba saba, na mwenye nyumba, Papa Zihindula,
anavitaka viwe vipya kabla ya Jumatatu,
"kama vile hapakukaa mtu."

Basi nikaanza kusoma matundu.
Manne mapana: hapa ilining'inia ramani.
Matatu kwenye mstari: saa za ukutani,
moja ya hapa, mbili za kwao.
Na hili la duara, kimo cha kiuno, ni kitasa cha mlango.
Kuna mtu alitoka kwa hasira kila siku,
au kwa mbio mara moja tu, siku ile tuliyokimbia wote.
Nani ajuaye. Tundu halina tarehe.

Kazi yenyewe haina siri.
Tundu bovu unalipanua kwanza, unalikata mraba,
maana kiraka hakishiki kingo zilizomeguka.
Unapitisha kipande cha ubao nyuma, skurubu mbili,
jasi mpya, utepe wa karatasi, kisha lipu
nyembamba, ikauke,
nyembamba tena, ikauke,
na msasa mpaka vumbi jeupe likufanye babu.
Fundi wa haraka hupaka nene mara moja.
Kesho yake ufa unamcheka.

Kwenye prizi ni jambo jingine.
Nilimpigia kelele Bisimwa, mwanafunzi wangu:
Zima kwanza kule kwenye kasha!
Usiuamini umeme wa Goma eti kwa kuwa umekatika,
huu hurudi bila hodi.
Aliyekata nafasi zile alikata kama kwa panga,
kila prizi ina mdomo wazi pembeni,
na kwenye mdomo mmoja nilisikia, mchana kweupe,
chumba cha pili kikipumua.
Walikaa humu miaka, milango imefungwa,
mishahara, majina, nani afukuzwe,
na maneno yote yakipita kando ya swichi.
Nikaziba. Mastiki pembeni tu, Bisimwa,
usijaze ndani, nyaya hazitaki kuzikwa.

Jumapili nilibaki na nusu ya bomba.
Nikaja nalo nyumbani, Ndosho.
Kati yetu na Mama Kahambu kuna ukuta wa mbao
na tundu nililotoboa mwenyewe mwaka juzi
kumpitishia waya wa taa moja.
Tundu la dole gumba, waya wa penseli.
Kwenye nafasi iliyobaki walipita mende,
baridi ya alfajiri, vumbi jeusi la barabara,
harufu ya sombe yake.
Nikaliziba vizuri, duara safi,
waya katikati kama ulimi.
Mke wangu akanisifu. Nami nikajisifu.

Usiku umeme ukarudi. Taa yake, naamini, ikawaka.
Saa hiyo ndiyo husema, kutoka upande wa pili:
"Baba Asifiwe, mumelala?"
nasi hujibu: bado.
Nilisubiri.
Nilisikia mbao zikijinyoosha, mbwa wa kina Paluku,
basi.

Asubuhi nilimkuta nje akisugua ndoo.
Hakunyanyua kichwa.
"Moto unafika," akasema.
"Ni mie nisiyefika."

Mastiki ikishakauka haitoki kwa ukucha.
Niko hapa na bisibisi, nimepiga magoti,
prizi nimeizima,
natafuta pa kuanzia.