Kalamu ya Risasi

Mkalimani hana "yeye".
Mama akisema nimeumia, nasema nimeumia.
Mzee akisema siitoi, nasema siitoi.
Ndiyo kazi. Dola arobaini kwa saa, maegesho unajilipia.

Boise, Februari. Chumba cha kamati, marumaru nyeupe,
joto linapanda kutoka maji ya chini ya ardhi.
Kushoto, vitambaa vya njano vya Akina Mama wa Kufuli;
kulia, kofia za kijani
za Umoja wa Wenye Silaha wa Bonde.
Kila upande umeleta biskuti zake.
Hakuna anayeonja za mwenzake.

Kijana aliye kando yangu ana bastola kiunoni,
kaining'iniza kama fundi na bisibisi yake.
Ananisogezea kiti. Ananiuliza kama nasikia baridi.
Mimi nimeshika kalamu ya risasi.
Kwetu ndivyo inavyoitwa,
na tangu darasa la kwanza sikuwahi kuisikia
hiyo risasi iliyomo ndani, mpaka leo.

Dakika tatu kila mtu. Taa ya kijani, ya njano, nyekundu.

Nabintu hakuandika kitu.
"Espoir alikwenda kwa rafiki yake kutazama mpira.
Ilikuwa kwenye droo ya soksi.
Walikuwa wanatafuta soksi.
Mwenye nyumba alilia kunizidi, nikambembeleza mimi.
Sitaki afungwe mtu. Nataka ifungwe droo.
Nataka haki."

Nikasema.
Sauti yangu, kwa Kiingereza, ikafiwa na mtoto nisiyemzaa.
Taa nyekundu. Mwenyekiti akashukuru.

Wa kumi na nne ni Byamungu, mwenye duka Barabara ya Overland.
Kofia yake ya kijani bado ina kibandiko cha bei.
"Kule kwetu walikuja saa nane usiku.
Wao walikuwa nazo. Sisi tulikuwa na filimbi na sufuria.
Tulizipiga sufuria mpaka zikatoboka. Nani alikuja?
Nilizika sita, nami nina miaka kumi na tisa.
Hii nimeinunua kwa risiti, kwa jina langu.
Mkinifungia kufuli, usiku ule ukirudi
ufunguo nitaupapasa kwa mkono upi?
Ni haki yangu."

Hapo ulimi ukanikwama.
Maana Kiswahili kimewapa wawili hawa neno moja
walichangie, kama majirani na kisima,
na Kiingereza kina mawili:
moja la kile unachokililia,
jingine la kile unachokishika.
Ya Nabintu nilikwisha kuitia kapu hili.
Ya Byamungu nikaitupa kapu lile,
mbiombio, bila kumuuliza,
na ukumbi ukasikia watu wawili wasiojuana.
Kwenye daftari langu lipo neno lile lile,
mwandiko ule ule, mara mbili.
La pili limekolea. Nadhani niligandamiza.

Muswada ukaahirishwa.
Wajumbe walikuwa na mwingine, wa mifereji ya mashamba ya viazi.
Kijana wa bastola akanishikia mlango.

Nje theluji imegeuka tope.
Byamungu anakwangua barafu kwenye kioo cha Toyota
kwa kadi ya benki,
na Nabintu amesimama upande wa abiria, mikono kwapani.
Sikujua. Walikuja pamoja.
Wanakaa jengo moja, ngazi moja,
yeye juu, yeye chini.

Kabla hajampisha aingie, Byamungu anainama,
anaitoa chini ya kiti, anaizungushia taulo,
kisha anasimama nayo kwenye tope
kama mtu aliyepewa mtoto wa watu amshike,
hajui aiweke wapi.

"Iweke tu," anasema Nabintu.
"Iweke ninapoiona."

Na hilo hakuna aliyenilipa nilitafsiri.